Kabla ya kuchagua mgahawa, tazama mwezi

Pasipoti ya mama inasema alizaliwa tarehe 1 Julai 1955. Mwenyewe hakubaliani nayo. Anachojua ni kwamba alizaliwa Jambiani, Unguja, wakati wa kusi, na kwamba bibi alishikwa na uchungu jioni ya siku aliyoshinda mwambani akichokoa pweza. Tarehe ilitiwa na karani miaka mingi baadaye, mama alipokwenda kutafuta karatasi za kusafiria. Ukichunguza utakuta wengi wa rika lake wamezaliwa 1 Julai, na waliobaki 1 Januari.

Mwaka 2025, alipotimiza miaka 70, sisi wanawe wanne tulifungua kundi la WhatsApp, tukaanza kuchangishana na kubishana. Tulikubaliana jambo moja tu, kwamba chakula kiwe cha baharini. Mwanamke wa Jambiani humpeleki kula kuku siku kama hiyo. Mengine yote yalikuwa vita. Dada mkubwa alitaka Masaki, upande wa Ghuba ya Msasani unaotazama magharibi, ili picha zipigwe jua likizama. Kaka alitaka penye maegesho na muziki. Mdogo wetu alitaka tuvuke wote kwenda Unguja hadi Pingwe, kwenye mgahawa wa The Rock uliokaa juu ya jiwe baharini. Mimi nilitaka pahali ambapo bei inajulikana kabla ya kukaa. Siku ya tatu tukaona tumwulize mwenye shughuli. Akasikiliza majina yote, kimya, kisha akasema: "Tarehe hiyo maji yatakuwaje?"

Kaka alidhani anaulizia maji ya kunywa.

Nimeishi Dar es Salaam muda mrefu kiasi cha kusahau swali hilo, na nadhani siko peke yangu. Tunachagua mgahawa wa samaki kama tunavyochagua ukumbi wa harusi, kwa viti, taa, mandhari na jina. Bahari tunaitazama kama pazia la nyuma ya picha. Lakini chakula chenyewe kinatoka humo, na bahari ina ratiba yake ambayo haipangwi na meneja wa hoteli yoyote.

Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua. Maji hujaa mno na kupwa mno, tofauti ikipita mita tatu, na miamba iliyofichika siku zote hutoka nje ikaota jua. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haijai ikajaa wala haikauki ikakauka. Pweza wa kuchokolewa kwa miguu ni wa bamvua. Siku za maji mafu wachokoaji wako majumbani mwao wakisuka ukili, na pweza utakayewekewa mezani ama ametoka kwa mzamiaji, ama ametoka kwenye friza.

Tukafungua kalenda. Tarehe 1 Julai ilikuwa Jumanne, mwezi unakaribia nusu, maji mafu hayo yanaingia. Mwezi mpevu ulikuwa Alhamisi ya tarehe 10. Mama akahesabu kwa vidole, akasema bamvua hukolea siku moja mbili baada ya mwezi kujaa, kwa hiyo shughuli iwe Jumamosi tarehe 12.

"Na hiyo tarehe moja, mama?" dada akauliza.

"Hiyo ni ya karani."

Mwezi ukitoa huku, hunyima kule. Dagaa na vibua huvuliwa usiku kwa taa, na taa haina kazi mbele ya mwezi mpevu, kwa hiyo anayetaka vibua wa kuchoma afanye sherehe yake kwenye giza. Pepo nazo zina zamu. Kuanzia Mei au hapo karibu hadi Septemba kusi hupiga, bahari ya nje huchafuka, na vyombo vidogo hubakia ndani ya miamba. Nguru na jodari huadimika na bei yake hupanda. Ukingoja kaskazi, kati ya Desemba na Machi, maji hutulia, na mashua hizohizo hufika mbali. Kamba nao hupenda mvua. Masika yakishamwaga maji ya mito baharini, kwenye mikoko ya delta ya Rufiji na kwingineko, ndipo kamba wanapopatikana kwa wingi. Mtu aliyezaliwa Julai akishikilia kula jodari mbichi wa siku hiyo, anatafuta ugomvi na upepo.

Ndiyo maana ninaishuku menyu isiyobadilika Januari hadi Desemba, yenye picha zilezile za kambakochi, jodari, kaa na pweza, zote "zipo" kila siku. Hiyo ni menyu ya friza. Simtukani mwenye friza, jamani. Jodari aliyegandishwa mara tu baada ya kuvuliwa ni bora kuliko changu aliyeshinda juani ndani ya ndoo, na pweza akiganda hulainika, akaokoa nguvu ambazo bibi zetu walizitumia kumponda juu ya jiwe. Ninachokataa ni kudanganywa. Miaka michache iliyopita tulimfanyia mpwa wangu sherehe kwenye mgahawa mmoja wa ufukweni, sitautaja. Mhudumu akatuapia kwamba kolekole wamefika asubuhi ileile. Samaki alipoletwa, nyama yake ilikuwa kama pamba iliyolowa, maji yanachuruzika sahanini, na katikati, karibu na mfupa, bado baridi. Bili ilipokuja tukakuta kambakochi wawili, walioandikwa kwenye menyu "bei ya siku", wameshinda meza nzima kwa gharama. Hakuna aliyeuliza siku hiyo bei ni ngapi. Tuliona aibu kuuliza mbele ya wageni.

Basi kuuliza kufanyike mapema, siku mbili tatu kabla, na mtu aende mwenyewe. Aende asubuhi, muda jiko linapopokea mzigo, asiende jioni wakati taa za rangi zimeshawashwa. Aombe kuonyeshwa samaki. Mpishi anayejiamini humtoa samaki kwa fahari kama anayekuonyesha mtoto wake mchanga. Mwenye cha kuficha atakwambia meneja hayupo. Macho ya samaki yawe maangavu, yamejaa, hayajazama. Funua matamvua uone wekundu. Bonyeza ubavuni, nyama irudi. Harufu iwe ya bahari. Shombo kali ni jibu tosha. Samaki aliyepigwa baruti hujifichua akipasuliwa, maana nyama yake huwa tepetepe, damu imevia ndani na mifupa imeachana. Uvuvi huo umepungua sana tangu serikali ilipoukazia macho, lakini kumtazama samaki hakugharimu kitu.

Kuna pia sababu ya kiafya ambayo watu hawaipi uzito. Jodari, vibua na nguru wakikaa kwenye joto bila barafu hutengeneza sumu iitwayo histamini, na moto hauiondoi. Mgeni hula vizuri, kisha ndani ya saa moja uso unakuwa mwekundu, ngozi inawasha, moyo unamwenda mbio, na meza nzima inasema ana mzio. Pengine hana mzio wowote, ni barafu tu iliyokosekana kati ya chombo na jiko.

Swali langu jingine kwa jiko ni: nani anawaletea? Nikijibiwa kwa jina la mtu na pahali, kwamba fulani wa Kunduchi au fulani anayenunua mnadani kwenye soko la samaki la Feri kila alfajiri, ninatulia. Nikiambiwa "wanatuletea tu", ninaaga.

Kuhusu bei, tofautisheni bei ya sahani na bei ya kilo. Ikiwa ni kwa kilo, samaki anapimwa kabla ya kuparuliwa na kutolewa matumbo, au baada? Kambakochi unayelipia kilo nzima ana nyama ya mkia thuluthi hivi, iliyobaki ni gamba na sharubu. Pweza akichemshwa hupoteza karibu nusu ya uzito wake. Ulizeni pia kama bei za kwenye menyu zina VAT ya asilimia 18 ndani yake au itaongezwa chini ya bili, kwa sababu kwa watu ishirini na zaidi asilimia hiyo ni keki nyingine nzima. Kenya kiwango ni asilimia 16, na juu yake hoteli nyingi huongeza ada ya huduma.

Yapo pia ya sheria. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza pweza asiyefika gramu 500, na kambakochi jike aliyebeba mayai anatakiwa kurudishwa majini. Ukiwekewa sahani ya vipweza vidogo kama viganja vya watoto, jiko hilo linakula mbegu. Huko Unguja na Pemba kuna vijiji ambavyo hufunga miamba yao kwa miezi kadhaa, mtu asichokoe, kisha hufungua kwa siku moja ya shangwe. Pweza hukua upesi ajabu, maisha yake yote ni kama mwaka mmoja au zaidi kidogo, kwa hiyo miezi mitatu ya subira hubadilisha uzito wake kabisa. Ukibahatika sherehe yako kuangukia ufunguzi kama huo, achana na mgahawa, nenda kijijini.

Sasa wageni. Hapa ndipo nilipotoa jasho, na kama kuna sehemu moja ya makala haya ninayoomba isomwe mara mbili, ni hii. Tulikuwa watu 22. Shemeji yetu ni Msabato kutoka Musoma. Kwa mafundisho wanayoyachukua katika Mambo ya Walawi, hula samaki mwenye mapezi na magamba, basi. Kamba, kaa, ngisi na pweza hagusi. Jirani wa zamani wa mama kutoka Upanga ni Mithnaashari. Yeye anahitaji samaki mwenye magamba, na kamba anamla, lakini pweza na kaa hapana. Rafiki wa kaka ni Mhanafi, na kwao cha baharini kinacholiwa ni samaki, huku kuhusu kamba wanazuoni wao wakivutana hadi leo. Sisi Washafii tunakula karibu kila kinachotoka majini. Wifi yangu wa Iringa hana dini inayomzuia, ila akimwona pweza husema huyo ni mdudu na kuhamisha kiti. Halafu kuna mjukuu mwenye mzio wa kweli wa kamba, ambaye hata mafuta yaliyokaangia kamba yanaweza kumpeleka hospitali.

Meza moja, bahari sita. Mgahawa unaokuletea sinia kubwa la mchanganyiko, kila kitu kimelaliana juu ya wali, ni mzuri kwa picha na haufai kwa familia ya Kitanzania. Tulichotafuta ni jiko linalokubali kutenga vyombo na mafuta, na mpishi asiyecheka ukimweleza. Wawili walicheka. Wa tatu alichukua kalamu.

Baada ya mahesabu yote hayo, samaki wa maelewano akawa changu. Ana magamba, ana mapezi, anapatikana ndani ya miamba hata kusi likipiga, na akichomwa juu ya mkaa akapakwa tui zito la nazi, ndimu, tangawizi na pilipili, hakuna madhehebu yanayolalamika. Pweza angekuja kwenye bakuli lake, wa nazi, mbele ya mama na wanaomtaka. Kamba hatukuagiza kabisa, kwa ajili ya mtoto. Dada alinuna. Alikuwa ameshaahidi watu kamba.

Na zile picha za machweo? Sabato ya shemeji huisha jua likizama, na kabla ya hapo asingekaa kwenye sherehe ya kulipia. Mama naye jua likizama yuko kwenye mswala wa magharibi. Watu wawili muhimu kuliko wote wangekosekana dakika ileile ambayo dada aliipangia mpiga picha. Jua la Dar mwezi Julai huzama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, tukapanga saa moja na nusu usiku, na upande wa magharibi ukapoteza faida yake yote.

The Rock nayo ilianguka kwa maji. Ninapapenda, na kwa watu wawili wanaosherehekea ndoa sijui pahali pazuri zaidi. Lakini jioni ya tarehe 12 maji yangekuwa yamejaa karibu saa kumi na moja na ushei, kwa hiyo tungeingia kwa mashua na kutoka usiku kwa miguu, tukikanyaga mwamba wenye utelezi, na bibi wa miaka 70 mwenye goti bovu. Mama mwenyewe alicheka. Alisema amekanyaga mwamba wa kutosha maishani.

Wengine walipendekeza Feri, ununue samaki mwenyewe mnadani na kumpeleka kwa wakaangaji pale pale. Kwa samaki, Feri haina mpinzani mjini. Kwa vijana wanaotaka kula wakisimama, kucheka na kurudi nyumbani wakinukia mafuta, nawashauri kabisa. Kwa shangazi waliovaa madera mapya, hapana. Forodhani kule Unguja nayo ni ya kutembea na kuonjaonja, mshikaki huku, juisi ya miwa kule. Meza ya watu 22 haipatikani huko.

Tukaishia kwenye mgahawa mdogo upande wa Kunduchi, paa la makuti, viti vya plastiki vilivyofunikwa vitambaa, umbali wa kutembea kutoka pwani ambapo mashua hupakua. Hauna mandhari. Bahari unaisikia, huioni. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, ndiye yule aliyechukua kalamu. Alituuliza kitu ambacho sikuwahi kuulizwa na mgahawa wowote: "Mnataka wote mle pamoja, au kila mmoja samaki wake akiiva?" Tanuri lake la mkaa lilikuwa na nafasi ya samaki wanane. Watu 22 wakiagiza kila mmoja samaki mzima, wa kwanza anapanguza mikono wakati wa mwisho bado anatazama moshi. Akashauri tuchukue changu wakubwa, mmoja kwa watu watatu, wachomwe wote kwa mzunguko mmoja. Tukalipa nusu, tukaandikiana.

Keki ilikuwa na kisa chake. Kaka aliipeleka mchana, akaitia kwenye friji ya mgahawa bila kumwambia mtu. Friji ya mgahawa wa samaki! Krimu hunyonya harufu kama sifongo. Bahati mwenye nyumba aliiona mapema, akaihamishia kwenye kabati la soda. Na wale vijana waliotaka kumwagia mama maji, kama inavyofanywa siku hizi, walizuiwa mlangoni, ndoo zao zikawekwa chini ya ngazi.

Siku ilipofika maji yalikauka kabla ya adhuhuri, na wachokoaji walitoka. Nilikuwepo pweza walipoletwa, wanne, mkubwa wao akipita kilo mbili, bado wanabadilika rangi. Jioni wageni walikaa, shemeji alifika saa moja na nusu kamili akiwa na suti ya kanisani, mjukuu alipewa sahani yake iliyotangulia, na wifi akakaa mwisho wa meza, mbali na lile bakuli.

Changu waliliwa, mifupa ikabaki imepangwa kama vitana. Kwa mchuzi wa pweza, mama alionja kijiko kimoja, akanyamaza, akainuka. Tukadhani goti. Alikwenda moja kwa moja jikoni. Nilipomfuata nilimkuta amefunga kanga kiunoni, anabishana na mwenye nyumba kuhusu tui la pili, kwamba limetiwa mapema na limekatika. Mwenye nyumba alitaka kujua kwao Jambiani wanalitia lini. Pweza mwingine alikuwa tayari sufuriani na nazi nyingine inakunwa.

Saa tatu na nusu tulimwita aje akate keki. Akajibu kutoka ndani kwamba tusubiri, tui halijachemka. Mpiga picha wa dada alipiga picha nyingi usiku ule, na mwenye sherehe yumo katika moja tu. Amepigwa kwa mgongo, ameinamia sufuria.